Suruali ya Msamba

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Asanteni sana. Mtu aliyeamshwa na jogoo wa jirani miaka yote, siku anayoambiwa asiamke tena ndiyo anapewa saa. Nimeitundika sebuleni na wajukuu wanaisifia. Lakini kwenye hafla ile mmoja wenu alisimama, soda mkononi, akauliza: "Mzee Mbwana, kwa uzoefu wako, suruali gani inafaa jabalini, isiyomaliza mfuko na isiyokufa mapema?" Mkacheka wote, mkadhani ni swali la kuchangamsha ukumbi. Mimi sikucheka, na muda wa kujibu haukunitosha. Nimekaa, nimevaa miwani, sasa najibu.

Kwa atakayeyasoma haya bila kuijua kazi yetu: sisi ni kikosi cha kamba. Barabara ya kupanda milimani inapita chini ya majabali, na mvua zikinyesha mawe hulegea. Kabla hayajamwangukia mtu, sisi tunapanda juu na kamba, tunayatafuta yaliyolegea, tunayang'oa kwa mtaimbo wakati barabara imefungwa. Mmoja anapanda, mwenzake anashika kamba chini. Mishahara tuiache, na jinsi nilivyokuja kuwa kiongozi wa kikosi tuyaache pia. Wapo waliokuwa hodari kuliko mimi.

Siku ya kwanza nilitoka kwetu Handeni nimevaa jinzi mpya, nzito kama turubai. Nilijiambia nguo nzito ndiyo nguo ngumu. Mama yangu alinisindikiza kwa dua, hakujua kwamba dua ingehitajika zaidi kiunoni. Vile vifungo vya chuma vya mifukoni vikakaa chini ya mkanda wa kamba, na kila nilipouegemea vilinichimba nyongani. Goti halikunjiki. Saa sita jua likawaka, jasho likashuka, jinzi ikanishika mapajani. Alasiri mvua ikanyesha, jinzi ikalowa, nikawa nabeba maji ya watu wawili. Jioni nilitembea kwa miguu iliyotanuka, na mtaani Manundu, pale Korogwe, watu wakanipa pole wakidhani nimetahiriwa ukubwani.

Kesho yake nikaipeleka ile jinzi kwa fundi ili anitolee vile vyuma. Fundi mwenyewe ni marehemu Mama Rehema, Msambaa wa milimani, mtani wetu sisi Wazigua, mwenye cherehani ya miguu kwenye kibaraza kimoja pale Manundu. Nawaambia wazi: walionifundisha kamba walikuwa wengi, lakini aliyenifundisha kupanda ni yule mama, na hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko stuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzigua wewe?"

"Ndiyo mama. Umejuaje?"

"Nani mwingine atavaa blanketi aende kupanda jabali?" Akaigeuza ile jinzi ndani nje, akaitazama kama mtu anayekagua samaki. "Chuchumaa."

"Hapa hapa barazani?"

"Huko mwambani unachuchumaa kwa siri?"

Nikachuchumaa. Akaniambia ninyanyue goti mpaka kifuani. Halikufika hata tumboni. Akacheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Ndipo akanionyesha. Suruali za madukani zinakutanisha mishono minne mahali pamoja, pale kati ya miguu, yaani msamba. Ukipanua mguu, nguvu zote zinakwenda kwenye nukta ile moja. Dawa yake ni kuufumua msamba na kutia kipande cha kitambaa chenye umbo la kashata, kona nne. Mishono inaachana, mguu unakuwa huru. "Suruali haipasuki kwa sababu ni mbovu," alisema. "Inapasuka kwa sababu imenyimwa nafasi."

Mwenzangu niliyeanza naye kazi siku moja aliitwa Filipo. Huyu alizaliwa kambi ya mkonge, mjukuu wa manamba waliokuja kutoka mbali kukata mkonge wasirudi tena kwao. Alikuwa mpandaji! Mguu wake ulipokanyaga, ulikanyaga. Lakini alikuwa mtanashati kupita kiasi. Alivaa suruali za kadeti za kubana zilizopigwa pasi mpaka mstari ukasimama, akipanda mwambani utadhani anakwenda kuposa. Nilipomwonyesha suruali yangu ya kwanza ya msamba akaizunguka mara mbili.

"Hii umerithi kwa babu?"

"Ivae uone."

"Aka! Nivae hiyo, halafu wasichana waseme Filipo amefunga nepi?"

Tukaendelea hivyo miaka. Mimi na nepi yangu, yeye na kadeti zake. Tulipendana sana. Alikuwa akija Handeni kwetu sikukuu ya Idi, mimi nakula Krismasi kwao. Basi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Ilikuwa siku ya gulio. Tumefunga barabara kwenye kona moja ya mlimani, na akina mama wenye matenga ya kabichi na plamu wamekaa kando ya kamba yetu ya kizuizi wakisubiri tufungue. Filipo yuko juu, kimo cha nyumba mbili. Chini nimeshika kamba mimi. Akanyanyua mguu wa kulia aufikishe kwenye kidato cha mwamba kilichokuwa karibu na kiuno chake. Tukasikia praaa! Kadeti ilipasuka kuanzia mbele mpaka kwenye mkanda nyuma. Ndani alivaa nyekundu. Mnisamehe, lakini ni sehemu ya habari.

Nilicheka. Niandike vizuri, maana sikuwahi kuiandika popote: wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, tena kwa sauti. Nilipocheka mimi ndipo akina mama nao wakaangua kicheko. Filipo akaachia mkono mmoja, akaupeleka nyuma ajisitiri. Mguu ukateleza. Na kamba mikononi mwangu ilikuwa imelegea, kwa sababu mtu anayecheka hashiki kitu sawasawa. Alishuka pima moja kabla haijakaza, akabembea, akagonga mwamba kwa mguu. Mfupa ukavunjika chini ya goti. Kile kishindo nakisikia hata sasa hivi.

Hospitali akawaambia watu wote, "Niliteleza." Hakuuliza nani alicheka, hakuuliza kamba ilikuwaje. Nilikwenda kumwona kila wiki, nampelekea machungwa, tunazungumza mpira. Ukweli nilikwenda nao na kurudi nao. Mguu ukaunga. Daktari akamruhusu kurudi kazini polepole, Filipo mwenyewe akakataa. "Mimi na mwamba basi, Mbwana. Nitauza mkaa." Mkono wake mzuri kuliko wote kikosini, unauza mkaa! Niliumia jamani. Nilijua fika kwamba nimemvunja mguu na sasa namvunjia na kazi.

Nikapata wazo. Filipo hakukataa suruali ya msamba kwa sababu ni mbaya. Aliogopa kuwa peke yake kwenye kuchekwa. Tukivaa wote, nani atamcheka nani? Basi iwe sare ya kikosi. Tulikuwa wanane pamoja naye. Nikaandika barua kwa mkono kwenda makao makuu, nikaipeleka kwa Neema, mpiga chapa wetu wa ofisi ya Korogwe, binti mwenye adabu zake, mlokole. Niliandika hivi: "Naomba kibali cha kununua suruali nane za msamba kwa ajili ya kikosi cha kamba." Barua ikapigwa chapa, nikatia sahihi bila kuisoma. Msitie sahihi bila kusoma. Hilo nalo mliweke kichwani.

Jibu lilikuja kwa haraka ambayo sijawahi kuiona makao makuu, hata kwa vifo. "Ofisi imesikitishwa na ombi lenye harufu ya ukabila. Kiongozi wa kikosi ajiandae kujieleza mbele ya mkaguzi kwa nini asiondolewe kazini."

Ukabila! Kwetu hapa mtu akikuita mwizi unaweza kumshitaki, akikuita mkabila unakosa pa kuuficha uso. Nikaomba nakala ya barua yangu. Imeandikwa wazi, kwa herufi nzuri: "suruali nane za Wasambaa."

Nikamfuata Neema. "Binti yangu, umefanya nini?"

Akaangalia chini. "Baba, ulikuwa umeandika 'msamba.' Nikajua umesahau 'a' moja ya mwisho."

"Na hii 'Wa' imetoka wapi?"

"Suruali nane haziwezi kuwa za Msambaa mmoja, baba. Nikaweka wingi."

Ningemkasirikia vipi? Lile neno lenyewe asingeweza kulipiga chapa kwa adabu zake, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mama yangu kule Handeni alipopigiwa simu na kuelezwa, alicheka mpaka akakohoa: Mzigua afukuzwe kazi kwa kuwapendelea Wasambaa! "Rudi nyumbani mwanangu, tukuoze tena huku huku."

Lakini habari ilifika pengine pia. Filipo alinipigia. "Nasikia kikosi kinapata suruali mpya, za Wasambaa. Sawa. Mimi mjukuu wa manamba nilijua tu kwamba sina changu hapa." Nikasema, "Filipo, subiri nikueleze," akakata. Nilimpigia mara nne. Hakupokea, na kwake nilipokwenda niliambiwa ametoka, ilhali viatu vyake viko mlangoni. Kufukuzwa kazi nilikuogopa. Hili la Filipo liliniliza.

Mkaguzi akaja, bwana mmoja wa heshima, kijana kwangu, suti imembana vizuri, mgeni wa mkoa wetu. Tukakaa ofisini, yeye, mimi, na Neema anaandika.

"Mzee, kikosi kina Wasambaa wangapi?"

"Watatu."

"Kwa nini wapate suruali nane?"

"Si za Wasambaa, mkuu. Ni za msamba."

"Msamba ni nini?"

Nikamtazama Neema, Neema akaitazama karatasi. Nilimshika akiwa mtoto huyu, namjua baba yake. Nianze kutaja? "Ni pale, mkuu... mtu akichuchumaa... yaani chini ya mkanda, lakini si chini sana..."

"Mzee, unanitania?"

Nikaomba ruhusa ya dakika kumi. Nilikimbia mpaka Manundu na umri ule, nikamwomba Mama Rehema aje. Alikuja na tepu ya kupimia shingoni na suruali moja ya msamba kwapani. Mkaguzi akasimama, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu tia mguu wako juu ya kiti hiki."

"Mimi?"

"Kwani nani anayetaka kujua?"

Mkaguzi akacheka kidogo, akanyanyua mguu. Ulipofika nusu, ukasimama. Mkono wake wa kulia ukaenda nyuma, ukashika mshono wa suti.

"Usiutoe," Mama Rehema akasema. "Utazame. Mkono umekwenda nyuma kabla mguu haujafika juu. Hakuna aliyekutuma. Sasa chukulia uko jabalini, na mkono huo ndio uliokuwa umeshikilia."

Mkaguzi akashusha mguu taratibu. Akaichukua ile suruali, akaigeuza, akaingiza ngumi kwenye kile kipande cha kashata, akaipanua. "Na hii ndiyo inaitwa msamba?"

"Ndiyo hiyo. Na mimi ndiye Msambaa. Uandike vyote viwili usichanganye."

Neema alicheka mpaka akajifunika uso na karatasi, na mkaguzi naye akacheka. Mimi nilitoka nje. Nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia kama mtoto, maana nilipouona ule mkono wa mkaguzi unakwenda nyuma, niliuona wa Filipo. Mama Rehema akanifuata.

"Umepona kazi, unalia nini tena, Mzigua?"

Nikamweleza yote. Kicheko, kamba, machungwa. Wakati huu hakunitania. Akanipa ncha ya khanga yake nijifute. "Mficha uchi hazai, Mbwana. Kampelekee suruali, na hilo umpelekee."

Kibali kikatoka. Mama Rehema akapanda basi nami mpaka gulio la Handeni, na hapa ndipo kijana wetu aliyeuliza swali achukue kalamu. Hatukwenda dukani. Suruali mpya ya bei ndogo inang'aa kwa wanga; ifue mara mbili uone itakavyolegea kama mchicha. Tulikwenda kwenye mitumba. Nguo iliyokwisha fuliwa mara hamsini haina siri tena: kama ni ya kupauka imeshapauka, kama ni ya kusinyaa imeshasinyaa. Tulitafuta kaki nyepesi ya pamba iliyochanganywa na uzi wa nailoni. Mama Rehema alikuwa akiinyanyua kwenye jua: ukiona mwanga unapita magotini na matakoni, iache. Anaikunja kwa nguvu ngumini, anaiachia. Ikibaki na mikunjo kama uso wa bibi ni pamba tupu, itachelewa kukauka. Anavuta mshono wa pembeni kwa vidole gumba viwili. Anapitisha kiganja kiunoni kutafuta chuma. Zipu anaipandisha na kuishusha mara tatu. Mifuko ya nyuma yenye vifungo hataki, inakwaruza mwamba. Chini pasiwe papana, maana lazima uone unapokanyaga.

Muuzaji alichoka. "Mama, unanunua suruali au unamchumbia?"

"Mchumba ningemwangalia haraka haraka. Suruali hii huyu atakaa nayo siku nzima. Mbwana, chuchumaa!"

Nikachuchumaa katikati ya gulio la kwetu, mbele ya watu ninaowajua. Sikujali.

Tena alichagua zile ndefu mno, za watu warefu wa Ulaya, ambazo wengine wanaziacha, kwa hiyo bei zinashuka. Siri yake ni kwamba ukizipunguza miguu unapata kitambaa cha kutosha kukata ile kashata. Kitambaa kile kile, umri ule ule, kimeshafuliwa na kusinyaa pamoja na mwenzake, kwa hiyo havitavutana. Ukitia kitambaa kipya kwenye suruali kuukuu, kipya kitasinyaa na kukuchania cha zamani. Akashona kwa uzi wa nailoni, mshono wa kurudia, na magoti akayatia kiraka kwa ndani. Ya Filipo aliipiga pasi mpaka mstari ukasimama.

Nikampelekea mwenyewe, bila kupiga simu. Nilimkuta uani anapanga mkaa kwenye makopo. Hakuwa na pa kujificha. Nikaweka suruali juu ya benchi.

"Za Wasambaa hizo," akasema. Hakuinua uso.

Nikamweleza habari ya Neema, 'a' moja na ile 'Wa.' Nilimwona anaung'ata mdomo asicheke. Nilipofika kwenye mguu wa mkaguzi alishindwa, akacheka, akakaa chini na ule mguu wake mbaya ameunyoosha. Nami nikakaa. Nikajua nikiacha dakika ile ipite nitazeeka nayo.

"Filipo. Siku ile, aliyecheka wa kwanza nilikuwa mimi. Na kamba niliilegeza. Hukuteleza, ndugu yangu. Nilikuangusha."

Akaendelea kuushika mkaa aliokuwa ameushika.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Kicheko chako nakijua, Mbwana. Kinaanzia puani. Nilikisikia kabla sijaachia mkono."

"Mbona wiki zote zile hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nilivunjika mguu kwa kuogopa kuchekwa na wewe? Sikuwahi kuliogopa jabali hata siku moja. Nilimwogopa rafiki yangu." Akajifuta macho kwa mkono wenye mkaa, akajipaka uso mzima. "Halafu nikasikia umenitoa kwenye suruali. Hilo ndilo liliniuma kuliko mguu."

Nilisema nisamehe, nikasema tena. Yeye akanyanyuka, akaingia ndani na ile suruali, akakaa humo muda. Alipotoka alikuwa ameivaa. Akachuchumaa, kwa shida, ameshikilia benchi. Akasimama, akanyanyua goti la mguu mbaya, likafika kifuani.

"Jumatatu mnaanza kona gani?"

"Ile ile."

"Na kamba yangu atashika nani?"

"Utakayemtaka. Sitaudhika."

Akanitazama, uso mweusi wa mkaa, meno nje.

"Shika wewe," akasema. "Na likikujia la kucheka, cheka tu. Ila mikono isicheke."